Uso wa Bibi Kwenye Jiwe

Kazi yangu ni kuchoma. Kibao mlangoni kinasema sonara, na watu wananiita mama sonara, lakini siku nzima naweza kushika nyundo mara moja na moto mara kumi. Duka langu lipo Tarime mjini, chumba kimoja chenye meza, mzani, mtungi wa gesi, na tofali la kuchomea lililogeuka jeusi upande mmoja. Wateja wangu wengi ni wachimbaji wa dhahabu, na wengi wao si wa huku. Wametoka Geita, Shinyanga, Singida, wameacha wake na mashamba, na wanakuja na kidonge cha dhahabu kilichofungwa kwenye karatasi ya sigara. Kabla hatujamaliza kusalimiana nimeshakiweka kidonge juu ya tofali na kukipitisha moto. Moto unaondoa zebaki iliyobaki. Unaondoa na uongo pia, maana shaba iliyopakwa rangi haivumilii hata dakika. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu marehemu mume wangu alipoanza kuumwa nami nikakikalia kiti chake, na siku hizi mkono wangu unafanya bila kuniuliza.

Vidole vyangu vina ganzi. Daktari alisema ni zebaki, kisha akanitazama, nadhani alisubiri nilie. Nilimuuliza kama naweza kuendelea na kazi. Akasema hapana. Nikamshukuru, nikarudi kazini. Ganzi ilianzia kwenye ncha ikapanda taratibu, na sasa nikishika kitu lazima nikitazame ndipo nijue nimekishika. Nasema haya ili kinachofuata kieleweke. Huruma za watu zinanichosha, kwa hiyo asinionee mtu huruma.

Mama yangu anaishi Susuni, kwa dada yangu mkubwa. Macho yake yote mawili yameziba kwa mtoto wa jicho. Tulipotaka kumpeleka akapasuliwe alikataa, akasema ameshaona vya kutosha. Kila kitu anakijua kwa kidole gumba chake cha kulia. Anakipitisha juu ya punje za mahindi na kukwambia kama yamekauka, anakipitisha juu ya shavu la mjukuu na kutaja jina, na hakosei. Nimewahi kumwonea wivu kwa kidole hicho, na ninasema hivyo nikijua ni jambo la ajabu kumwonea wivu kipofu.

Mama alikuwa na bruchi, pambo la kubana nguo kifuani. Alipewa zamani Mugumu, wakati baba alipokuwa fundi mwashi kule na mama akifua nguo za masista. Sista mmoja mzee wa Kizungu alipokuwa anarudi kwao kufa, kama alivyosema mwenyewe bila kuzunguka, alimwita mama akampa. Alisema ilikuwa ya nyumba ya baba yake, na kwamba nyumba yenyewe imeisha watu. Mama aliitazama, akataka kukataa, kisha akaona uso.

Katikati palikuwa na jiwe lenye ukubwa wa yai la kanga, la tabaka mbili, chini jeupe na juu kahawia iliyokoza. Mchongaji alilipunguza lile tabaka la kahawia mpaka likabaki uso wa mwanamke mweusi, ametazama pembeni, ameinuka juu ya ule weupe. Paji la uso pana, pua fupi, midomo iliyofumba kwa namna ya mtu aliyeambiwa jambo na hakubaliani nalo. Nywele zake zilizungushiwa utepe, na kila uzi wa utepe ulionekana. Kulizunguka jiwe kulikuwa na dhahabu, na juu ya dhahabu maua na majani madogo ya rangi nyekundu, kijani na buluu, yanayong'aa kama pipi iliyolambwa.

"Ni mama yangu," mama alimwambia baba jioni ile. Baba alicheka sana. Akasema mzungu amemletea mama mkwe wa Kizungu. Mama akamwambia afumbue macho yake vizuri, huyu ni mweusi kuliko yeye. Kisa hiki kilisimuliwa nyumbani kwetu kila Krismasi mpaka baba alipofariki.

Bibi, mama yake mama, hakuwahi kupigwa picha. Alikufa mama akiwa msichana wa miaka kama minane. Alikufaje? Tukiuliza, mama alijibu, "Alikufa." Tukiuliza tena, alijibu, "Alikufa tu," na kuinuka kwenda kutafuta kazi ya kufanya. Dada aliamini ni malaria. Mimi sikuamini chochote. Nilijua tu kwamba mama ndiye mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu aliyegoma kuolewa kwenye nyumba ya nyasi, kwamba baba alilazimika kutafuta mabati kwanza, na kwamba mama hajawahi kuingia dukani kwangu. Alikaa kwenye benchi nje, na akisikia gesi inavuma aliliacha hata lile benchi akaenda kusimama kwa jirani anayeuza vitenge.

Basi bruchi ile ndiyo ilikuwa picha ya bibi. Jumapili aliivaa kanisani. Siku nyingine zote aliilaza juu ya mto, na asubuhi, kabla hajasema na binadamu yeyote, aliishika akaongea nayo kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, kitambo kirefu. Hatukusikia alichosema. Tulisema mama anamwamkia mama yake, tukapita kimyakimya tusimkatize. Alipokuwa kipofu kamili alizidisha. Miaka ya karibuni, alipoanza kuchanganya siku na kusahau majina yetu, dada aligundua kwamba asubuhi akishaongea na bruchi siku yake inakwenda vizuri. Anakula, anauliza habari za ng'ombe, anamgombeza anayechelewa kuteka maji.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna, pini ya nyuma ilikatika. Nilikwenda Susuni kumsalimia, nikamwamkia shikamoo, naye badala ya kuitikia akaniwekea bruchi mkononi.

"Wewe si fundi? Mtengeneze," alisema. "Jumapili nimvae."

"Nitamrudisha kabla ya Jumapili, mama."

"Na usimwache peke yake."

Ilikuwa mara ya kwanza kutoka mikononi mwake. Niliifunga kwenye leso nikaiweka kifuani, nikapanda bodaboda kupitia Nyarero, na njia nzima niliishikilia kwa kiganja kwa kuwa vidole singeweza kuviamini.

Sikuwa mjinga. Nilijua lile jiwe halitaki moto, na zile rangi sikuzielewa. Kwa hiyo niliipiga picha mbele na nyuma nikamtumia mzee wa Mwanza, sonara aliyemfundisha mume wangu kazi, nikamwuliza niunge pini kwa njia gani. Mzee huyo husoma ujumbe anapojisikia. Nikasubiri. Siku mbili bruchi ilikaa mezani kwangu juu ya leso, upande wa kulia, nikiitazama kila nikiinua kichwa. Mama alisema isiachwe peke yake, na haikuachwa.

Siku ya tatu, adhuhuri, akaja kijana mmoja wa Geita. Tulikuwa na ugomvi wa zamani, kwa sababu mara ya mwisho aliniletea kidonge kilichochanganywa. Akaweka karatasi yake mezani, upande uleule wa kulia. Nikaanza kumsema, naye akaanza kuapa. Kazini kwetu macho yanakaa usoni kwa mteja, kwa kuwa uso ndio unaosema kama dhahabu ni safi. Nilikuwa namtazama usoni. Mkono wangu ukaenda pale mezani, ukachukua kilichokuwepo, ukakiweka kwenye tofali, ukafungua gesi. Mtu mwingine yeyote vidole vyake vingemwambia kuwa ameshika uso wa mtu. Vyangu havikusema kitu.

Nilisikia mlio mdogo, tak, kama punje ya bisi.

"Mama," yule kijana akasema, "hiyo siyo yangu."

Nilitazama. Nyekundu ilikuwa imeshachemka ikawa nyeusi. Kijani ilibanduka vipande vipande kama ganda la yai. Jiwe lilikuwa na ufa kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, na ile kahawia iliyokoza ilikuwa imepauka shavu zima na kugeuka rangi ya majivu. Dhahabu peke yake ndiyo iliyobaki salama.

Nikazima gesi. Nikachukua karatasi ya yule kijana, nikachoma kidonge chake, nikakipima. Safari hiyo kilikuwa safi, nami nikamwambia hivyo, akaondoka ameridhika. Kisha nikakaa. Nilijaribu kujisikia vibaya. Nasema nilijaribu, na ni kweli, nilikaa pale nikingoja kitu kinishike kooni au tumboni, lakini hakikuja. Nilifunga duka saa yangu ya kila siku, nikapika ugali, nikala, nikalala.

Kesho yake mzee wa Mwanza akatuma ujumbe wa sauti. Ameshazeeka, anapumua katikati ya maneno. "Binti, hiyo usiipashe moto hata kidogo. Inaitwa kameo. Hizo rangi ni kioo kilichosagwa na kuyeyushwa juu ya dhahabu, ukigusa moto umekwisha. Nimeona moja tu maishani, kwenye kitabu. Umeipata wapi?" Akaambatanisha picha za vitu vya namna hiyo vilivyomo kwenye makumbusho ya ng'ambo. Nikazifungua moja moja. Kulikuwa na wanawake weupe wengi wa mawe, na miongoni mwao wawili watatu weusi, wenye hereni na utepe, kila mmoja ndani ya fremu ya dhahabu yenye maua. Maelezo yalisema vilichongwa Italia, miaka mia nne na zaidi iliyopita. Jina la mchongaji halikujulikana. Na chini ya yule aliyefanana kabisa na wetu paliandikwa: mwanamke asiyejulikana.

Hapo nilikasirika. Kwa siku zote zile ndicho kitu pekee nilichokihisi, na kilikuja mahali pasipo pake. Nilitaka kuwaandikia hao wa makumbusho niwaambie kwamba sisi tulimjua, kwamba kule Susuni alikuwa akiamkiwa kila asubuhi kabla ya uji. Kisha hasira ikapita. Nikamjibu mzee, "Ahsante, nimeelewa," na mpaka leo anaamini sikuigusa.

Jumapili ikafika nami sikwenda. Nilipiga simu nikasema kifaa kimoja kimekosekana, kinatoka Mwanza. Jumatano dada akanipigia.

"Mdogo wangu, hicho kifaa kimefika?"

"Bado, dada."

"Mama haongei. Tangu umchukue huyo mtu wake. Anakunywa uji kidogo, anageukia ukutani. Leo nimemsalimia akaniuliza mimi ni mke wa nani."

"Nakuja," nilisema.

Lakini sikwenda Susuni. Nilikwenda Sirari, mpakani, kwa fundi mmoja anayechonga vinyago vya jiwe laini la Kisii. Nilimwonyesha ile picha kwenye simu. Alikuwa mchangamfu, Mkenya, anafanya kazi huku akiimba.

"Huyu ni nani, mathe?"

"Bibi yangu."

"Ako na sura ya mtu ametulia. Hiyo nitakutengenezea fiti, kwani ni nini? Kuja Ijumaa."

Ijumaa nilimkuta amechonga vizuri kuliko nilivyotegemea. Paji la uso lilikuwepo, pua ilikuwepo, hata nyuzi za utepe alizihesabu kwenye picha. Nililipaka tabaka la juu rangi ya viatu ya kahawia. Nikatengeneza fremu mpya ya dhahabu kwa vipimo vilevile, nikachora maua kwa rangi ya kucha, nyekundu, kijani na buluu, nikaweka pini mpya imara. Kwa macho, ukiitazama kutoka hatua tatu, ungeapa ndiyo yenyewe. Kazi ile niliifanya kwa utulivu mkubwa, na naogopa kusema kwamba niliifurahia kidogo. Bruchi iliyoungua niliifunga kwenye leso yake ileile. Sijui kwa nini niliichukua nilipokwenda Susuni. Nadhani niliona vibaya kuiacha peke yake.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amegeukia ukutani kweli, kama dada alivyosema. Amekonda kwa siku zile chache. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ya heshima tu, kama anavyomwitikia mpita njia. Nikaiweka bruchi mpya kwenye kiganja chake.

"Nimemleta, mama."

Kidole gumba kikaanza kazi. Kikapita kwenye paji la uso, kikashuka puani, kikasimama kwenye midomo. Kikarudi juu, kikashuka tena. Dada alikuwa mlangoni na kikombe cha uji, anatabasamu tayari. Mama akanyoosha mkono akanirudishia.

"Mpe mgeni kiti," alisema. "Umemsimamisha tu."

Dada akacheka, akadhani ni yale ya kuchanganya mambo. Mimi sikucheka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, na baada ya siku kadhaa za kutomjua mtu, alinitaja kwa jina langu la utotoni.

"Mama yangu umempeleka wapi?"

Ningeweza kusema imeibiwa. Tarime kila kitu huweza kuibiwa na hakuna ambaye angenihoji. Nilikuwa na uongo huo umeshapangwa vizuri tangu Nyarero. Nikatoa leso kifuani, nikaifungua, nikamwekea ile iliyoungua mkononi.

"Nimemchoma, mama. Kwa mkono wangu. Sikukusudia."

Uso wa dada ukabadilika. Akaweka kikombe chini. Mama akaipokea. Kidole chake kikapita pale palipokuwa na maua, kikakuta panakwaruza. Kikapanda kwenye shavu lililopauka, kikaupata ufa, kikaufuata kuanzia juu hadi chini, polepole, kikasimama kidevuni. Kisha akaishika bruchi kwa mikono miwili, akaiweka mapajani.

"Hata mimi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Dada akasogea. Mama akasema tena, safari hii kwa Kikurya, na akaendelea kwa Kikurya, sauti ileile ya chini ya asubuhi zote zile. Mama yake alikuwa mgonjwa wa homa, amelala ndani. Alimwagiza afukie makaa jikoni kwa majivu kabla hajatoka, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na nyasi za paa zilikuwa zimekauka. Watoto wenzake walikuwa wanapeleka ndama mtoni na walikuwa wanamwita. Akasema nitafukia nikirudi. Aliporudi walimzuia watu wazima asitazame, akapenya katikati ya miguu yao, akatazama.

"Hivi ndivyo nilivyomkuta," alisema, kidole kikiwa kwenye ufa. "Shavu hili."

Miaka yote ile mama alikuwa akisema nini asubuhi, sikumwuliza. Sikuhitaji. Dada alikuwa analia, analia kwa sauti, na mimi nilimtazama nikiona jinsi anavyoweza.

"Pini umetengeneza?" mama aliuliza.

"Bado. Inataka moto."

"Basi acha. Mshone hapa." Akagusa kitenge chake, upande wa kushoto wa kifua. "Mshone, asianguke."

Dada akaleta sindano na uzi mweusi. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikaanza kuzungusha uzi kwenye ukingo wa dhahabu na kwenye kitambaa, nikifuata kila hatua kwa macho. Nilishona kwa muda. Halafu dada akaniambia, "Unatoka damu." Nikatazama. Sindano ilikuwa imeingia kwenye kidole cha shahada, na kitenge cha mama kilikuwa na madoa matatu.

"Ni nini?" mama akauliza.

"Sindano tu, mama. Siisikii."

"Huisikii? Tangu lini?"

"Siku nyingi."

Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata. Akakishika kile kidole chenye damu kwenye ncha, akabonyeza kwa gumba lake. "Hapa?"

"Hapana."

Akahamia kinachofuata. "Hapa?"

"Hapana, mama."

Akavimaliza vyote vitano, akauliza kila kimoja, nikajibu kila kimoja. Akahamia kwenye kiganja, akabonyeza katikati, akabonyeza chini yake, bila haraka. Alipofika kwenye kifundo cha mkono nikamwambia ndiyo, pale nasikia. Akapashika hapohapo, wala hakupaachia.